Visanduku vya Mchezaji wa Pili

Wanafunzi walimwita Mwalimu Visanduku, na wala hawakuficha sana. Kila somo lake lilianza kwa mstari mmoja wa kwenda chini na mwingine wa kuukatiza, vikapatikana visanduku vinne ubaoni, na kuanzia hapo mambo yote ya dunia yalikuwa na mahali pa kukaa. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu, sketi mbili za kazi, na uvimbe wa ngiri kitovuni. Mwaka wa kwanza uvimbe ule ulikuwa mdogo kama limau. Siku hizi mambo ya limau yalikuwa yamepita zamani.

Ukitaka kujua amechoka kiasi gani, usingemtazama usoni, maana uso wake alikuwa ameuzoesha kudanganya. Ungemtazama anavyokaa. Alipofika chumba cha walimu hakukaa kwenye kiti, alijimwaga, akafumba macho kwa muda wa kutosha kuhesabu hadi ishirini, kisha akavuta rundo la madaftari. Wenzake walikuwa wameshazoea. Waliongea kwa sauti ya chini mpaka afike ishirini, halafu wakaendelea na umbea wao kama kawaida.

Uchovu wenyewe ulianzia nyumbani alfajiri, kabla watu hawajapiga mswaki. Mama yake alipatwa na kiharusi miaka mitatu nyuma, upande mzima wa kulia ukalala. Mama huyu alikuwa karani wa posta maisha yake yote, mwanamke wa mifupa mikubwa, mwenye mkono uliogonga mihuri miaka thelathini bila kuuma. Kupungua hakupungua. Alfajiri alitolewa kitandani akawekwa kwenye kiti, kutoka kwenye kiti akapelekwa bafuni, kutoka bafuni akarudishwa kwenye kiti, na jioni safari zikaanza upya. Aliyembeba kila safari ni mwalimu peke yake. Mikono chini ya kwapa, goti kati ya magoti, meno yameumana, haya Mama, moja, mbili, tatu. Na kila tatu, kile kitu kitovuni kilisukuma nje kidogo.

Mchana mama hakubaki peke yake. Jirani yao, fundi cherehani, alikuwa ameweka cherehani yake kwenye baraza ya mwalimu kwa makubaliano ya kinywa tu: yeye apate kivuli cha kushonea, mwalimu apate jicho la kumtazamia mgonjwa. Fundi aliweza kumlisha mama, kumgeuza na kumsengenyea mtaa mzima mpaka mama akacheka kwa nusu ya mdomo. Kumnyanyua hakuweza. Mgongo wake mwenyewe aliushika kwa mkono mmoja kila alipoinuka kwenye kigoda.

Daktari alishalisema jambo hilo waziwazi. "Mwalimu, hiki hakiponi kwa kuvumilia. Tunakata, tunashona, unapumzika. Lakini miezi miwili hubebi kitu. Hata ndoo ya maji usiiguse."

Kukatwa hakukumtisha mwalimu. Kilichomkosesha raha ni ile miezi miwili. Mara mbili alipangiwa tarehe, na mara mbili alipiga simu kuahirisha, akisingizia mitihani. Barua ya tatu ilikuja na lugha kavu zaidi. Upasuaji Jumatano ya wiki inayofuata. Athibitishe kwa simu kabla ya saa sita mchana siku ya Ijumaa. Asipothibitisha, nafasi atapewa mwingine, naye ataanza upya mwisho wa foleni.

Sasa mtu yeyote mwenye akili zake atauliza, hana ndugu huyu? Anaye. Alikuwa na mdogo wake mmoja, tumbo moja, baba mmoja, seremala mwenye karakana mwendo wa dakika ishirini na tano kwa miguu. Mwanamume mwenye mabega ya kubeba mlango wa mninga kama mtu abebavyo gazeti. Kila Jumapili ya pili alikuja kumwona mama, na mfuko wa machungwa mkononi. Alikaa saa mbili, akamenya machungwa yote mwenyewe, akamlisha mama kipande kwa kipande, akaaga, akaenda. Katika miaka mitatu hakuwahi kusema, Dada, mwezi huu niachie mimi. Na dada katika miaka mitatu hakuwahi kumwomba.

Hakuomba kwa sababu alikuwa akicheza. Hilo ndilo jina alilolipa yeye mwenyewe, na alilijua vizuri, maana ndilo somo alilofundisha. Sura mpya ilikuwa imeingizwa kwenye kitabu cha hesabu, inayohusu namna ya kuamua pale ambapo utakachopata kinategemea pia uamuzi wa mtu mwingine. Walimu wenzake waliikwepa sura ile kama deni la jirani. Yeye aliipokea kwa mikono miwili. Katika siku nzima ya kazi, hapo tu ndipo alipojisahau kwamba amechoka.

Kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari lake la maksi alikuwa amechora visanduku vinne kwa kalamu ya risasi. Pembeni aliandika Mimi, juu aliandika Yeye. Kila mmoja alikuwa na njia mbili, kubeba au kusubiri. Wakibeba wote, kila mmoja anapata nne. Mmoja akibeba na mwingine akasubiri, mbebaji anapata mbili, msubiriji anapata tano, kwa kuwa amestarehe kwa jasho la mwenzake. Wakisubiri wote wawili, sifuri kwa sifuri. Alikitazama kile kisanduku cha Yeye chenye tano mara nyingi, hasa zile alfajiri ambazo kiuno kilikataa kunyooka. Tano. Anamenya machungwa na kupata tano. Safari hii, aliapa, sitaanza mimi. Safari hii ataniambia yeye.

Jumapili iliyopita alikuwa ametega. Barua ya hospitali aliilaza mezani ikiwa wazi, tarehe juu, mahali ambapo kipofu angeigusa. Kisha akaingia jikoni akajifanya anatafuta kijiko. Kwenye upenyo wa mlango alimwona mdogo wake akiinama, akisoma polepole kama wasomavyo watu wa vipimo, mstari kwa mstari. Alipomaliza alinyoosha mkono, akachukua kopo la sukari, akaliweka juu ya barua. Akarudi kwa mama na machungwa yake.

Mwalimu alisimama jikoni na kijiko mkononi. Moyo ulimuuma kweli, hilo halifichiki. Ameona, akajisemea. Ameona na amefunika.

Basi ikafika Ijumaa, naye hajapiga simu kokote.

Kipindi chake siku hiyo kilikuwa cha saa tatu na nusu, vipindi viwili mfululizo, kidato cha tatu, wanafunzi arobaini na wanane kwenye chumba kilichojengwa kwa ajili ya thelathini. Aliingia, akachora mstari, akaukatiza. Nyuma mtu alinong'ona, "Visanduku hivyo," na wenzake wakacheka kwa pua.

"Cheka tu," mwalimu alisema bila kugeuka. "Ukijumlisha saba na nane, nane haibadilishi mawazo kwa kuwa imekuona unakuja. Inakaa pale pale inakusubiri. Binadamu anakuona, anawaza utafanya nini, na wewe unawaza yeye anawaza utafanya nini. Hiyo ndiyo hesabu ya leo. Ina vitu vitatu. Wachezaji, njia zilizo mbele ya kila mchezaji, na kile anachopata kwa kila njia. Kikikosekana kimoja, mna porojo, hamna mchezo."

Aliwapa mfano wanaoujua. Wanafunzi wawili wamepewa mradi mmoja wa kuandika, alama watapata pamoja. Kila mmoja anaweza kufanya au kulala. Akajaza namba zile zile za ukurasa wake wa mwisho, nne na nne, mbili na tano, tano na mbili, sifuri na sifuri, na mkono wake ulizijua namba hizo kiasi kwamba hakuhitaji kufikiri.

"Ukijua mwenzako atafanya, utafanya nini?"

"Nalala," darasa zima lilijibu kwa moyo mmoja.

"Kwa nini?"

"Tano inazidi nne."

"Na ukijua mwenzako atalala?"

Hapo walisita. Mmoja wa mbele akasema, "Nafanya, Mwalimu. Mbili si kitu, lakini inazidi sifuri."

"Vizuri. Na kama hujui?"

Akawaeleza. Kama hujui, unavuta muda ili uone mwenzako ataanza. Mwenzako naye anavuta muda. Kila mmoja anaona akianza yeye atakuwa amejitolea kufanywa punda. Siku zinakwenda, na wote wawili wanateleza taratibu kuelekea kwenye sifuri, pale ambapo hakuna hata mmoja aliyetaka kufika. "Katika mchezo wa namna hii," alisema, "anayeshinda ni yule anayetangulia kujifunga. Anasimama mbele za watu anasema, mimi sifanyi, nimemaliza. Akiaminika, mwenzake hana budi kufanya."

Mkono ulinyanyuka dirishani. Ulikuwa wa msichana mwembamba ambaye wenzake walimwita Wakili, kwa sababu aliwahi kumbishia mwalimu wa zamu mpaka mwalimu wa zamu akaomba maji. "Na anayetangulia kujifunga kinyume chake, Mwalimu? Anasimama mbele za watu anasema, nitafanya yote mimi, asinisaidie mtu?"

Darasa liliangua kicheko, na mwalimu, kwa mara ya kwanza wiki ile, naye akacheka.

"Huyo amejimaliza mwenyewe," alisema. "Amempa mwenzake ruhusa ya kulala. Halafu asije akalalamika."

Alidhani hapo kipindi kimeisha. Aligeuka kufuta ubao, na sauti ya Wakili ikamfuata.

"Mwalimu, bado. Hizi namba za mchezaji wa pili, nani kazijaza?"

"Mimi, kama mfano."

"Ndiyo, lakini mle ndani ya mchezo. Mimi nimekaa na mradi wangu. Namba zangu nazijua, ni zangu. Za mwenzangu nimezijuaje?"

"Unakadiria."

"Kwa kujitazama mimi?" Alisema bila ubishi safari hii, alitaka tu kujua. "Maana mimi mwenzangu akifanya yote na mimi nimelala, sipati tano hapo. Naona aibu. Sitaweza hata kumtazama. Hapo mimi najipa moja."

Baadhi ya wavulana waliguna.  Mwalimu alirudi ubaoni, akafuta ile tano ya mchezaji wa pili kwa kidole, akaandika moja.

"Haya, tazameni," alisema, na sauti yake ilikuwa imepungua. "Mwenzake akifanya, yeye akifanya pia anapata nne, akilala anapata moja. Bora afanye. Mwenzake akilala, akifanya anapata mbili, akilala sifuri. Bora afanye. Mtu huyu, vyovyote itakavyokuwa, anataka kufanya. Namba moja tu imebadilika na mchezo wote umegeuka."

"Sasa mbona kalala?" aliuliza yule wa mbele.

Kengele ililia. Saa tano na dakika kumi. Wanafunzi walitoka kwa kishindo chao cha kawaida, naye akabaki na chaki mkononi mbele ya ubao. Mbona kalala. Swali hilo hakuwahi kuliuliza. Miaka mitatu alikuwa akijaza visanduku vya mdogo wake kwa kalamu yake mwenyewe, kwa hasira yake mwenyewe, tena akikaa alfajiri kuvitazama kana kwamba yule ndiye aliyeviandika.

Alimwomba mwalimu wa jiografia amshikie darasa la mwisho. Hakurudi kuchukua mwavuli. Alitembea kwa kasi aliyoiweza, kiganja kimekandamiza tumbo chini ya kitambaa, akisimama mara mbili kwenye vivuli vya kuta za watu. Njiani alikuwa amejipanga. Angeingia, angesema moja kwa moja: Jumatano nakatwa, unaweza kukaa na Mama? Maneno sita. Hata mtoto wa chekechea angeyaweza.

Alifika saa sita kasoro ishirini. Mdogo wake alikuwa ameinama juu ya mlango uliolazwa kwenye meza, anapaka gundi kwa brashi, na redio ndogo yenye vumbi la mbao ilikuwa inaimba peke yake kwenye rafu. Alimwona dada yake akaweka brashi chini.

"Dada. Leo Ijumaa, kulikoni?"

"Aa, nimepita tu."

Mtu hapiti tu juani kwa miguu, tumbo kalishika. Lakini mdogo wake hakusema hivyo. Alivuta kigoda, akakifuta kwa kiwiko, akamkaribisha. Kisha, kwa kuwa walilelewa vizuri, wakaanza salamu.

"Za kazi?"

"Nzuri. Shule je?"

"Shule ipo. Wifi hajambo?"

"Hajambo, yuko ndani. Nimwite?"

"Mwache apumzike. Watoto?"

"Wazima. Yule mkubwa kajichoma mkono na pasi, lakini kidogo tu. Mama ameamkaje?"

"Mama yupo vile vile. Leo amekula uji wote."

"Basi vizuri."

"Ndiyo, tunashukuru."

Salamu zikaisha. Mwalimu alifungua mdomo kusema yale maneno sita, akasikia mwenyewe anauliza, "Hiyo gundi inachukua muda gani kukauka?"

Ungemwona mdogo wake alivyolishika swali hilo. Alieleza gundi ya maji na gundi ya kopo, alieleza jua na kivuli, alieleza mteja mmoja aliyerudisha kabati kwa sababu hakusubiri siku mbili. Mwalimu alitikisa kichwa pale panapotikiswa. Alikuwa anaona saa ya ukutani juu ya bega la mdogo wake. Kasoro kumi na mbili. Kasoro saba. Alijiambia akimaliza hili la kabati nitasema. Likaja la misumari. Aliona haya, na alikuwa amechoka hata hakujua tena haya ni ipi na uchovu ni upi.

Wimbo ulikatika redioni, vikasikika vile vilio vifupi vya kutangaza saa, na mtangazaji akasema ni saa sita kamili mchana, hii ni taarifa ya habari.

"Jumatano nakatwa," mwalimu alisema.

"Najua. Niliisoma barua."

"Uliisoma ukaifunika na kopo la sukari."

Mdogo wake alimtazama kwa mshangao. "Dirisha lilikuwa wazi, Dada. Ingepeperuka."

 Kwenye redio walikuwa wanasoma habari za barabara fulani kufungwa.

"Na hukuniambia kitu," mwalimu alisema.

"Nilikuwa nasubiri uniambie wewe."

"Na mimi nilikuwa nakusubiri wewe. Mimi ndiye ninayembeba kila siku, unataka niombe pia? Miaka mitatu hujawahi hata kuuliza."

"Nitaulizaje?" Hakupandisha sauti. Aliokota kalamu yake ya risasi, akaigeuza vidoleni. "Ulisema mwenyewe pale hospitali, siku tunamtoa Mama. Wajomba wote walikuwepo, na mke wangu alikuwepo. Ulisema Mama haendi kulala kwenye maranda ya karakana yangu. Ulisema nitambeba mimi mpaka mwisho, na asinisaidie mtu."

"Sikusema hivyo."

"Ulisema, Dada."

Alitaka kubisha, lakini kumbukumbu ikamwahi. Alikumbuka ukumbi wa hospitali, harufu ya dawa ya sakafu, wajomba wakiulizana ni nani na nani, na namna alivyosikia uchungu kuona mama yake anapangwa kama mzigo. Alikumbuka kusema kitu kwa sauti kubwa. Maneno yenyewe alikuwa ameyaacha palepale ukumbini akaenda zake. Mdogo wake alikuwa ameyachukua mpaka nyumbani.

"Na mimi siku ile nilikuwa nimeshaukata mlango," seremala alisema.

"Mlango gani?"

Alinyoosha kalamu. Nyuma ya karakana, upande wa nyumba, kulikuwa na stoo yake ya mbao. Mlango wa stoo ile ulikuwa mpana kuliko wa sebule, na kizingiti chake kimechongwa chini, laini, usawa wa sakafu. Mwalimu aliujua mlango ule. Kila alipokuja hapa aliuona, na siku zote alidhani umepanuliwa kwa ajili ya kupitisha mbao ndefu.

"Kiti cha magurudumu hakikupita kwenye ule wa zamani," mdogo wake alisema. "Nilipima nikakata. Mke wangu akapaka rangi. Jioni yake tulirudi kutoka hospitali nikarudisha mbao ndani. Watu huniuliza mpaka leo, fundi, mbona stoo yako ina mlango wa bibi arusi."

Mwalimu alicheka, na kicheko kikaharibika katikati. Hasira aliyoitunza miaka mitatu ikawa haina pa kwenda. Alilia kidogo, kwa aibu, kwa kona ya kitambaa chake, na mdogo wake akageuka kuzima redio ili apate kitu cha kufanya. Amejimaliza mwenyewe, alikuwa amewaambia watoto asubuhi ile ile. Halafu asije akalalamika. Alikuwa amecheka nao.

"Piga simu," mdogo wake alisema. "Waambie unakwenda."

Alipiga. Ilikuwa saa sita na dakika kumi na nne. Muuguzi aliyepokea alikuwa na sauti ya mtu mwema aliyechoka, wakaelewana mara moja. Alisikika akifunua karatasi. Alisema, "Samahani, Mwalimu. Tulifunga orodha saa sita. Nafasi ya Jumatano nimeshampigia aliyekuwa anafuata, na amekubali, anatokea mbali." Alisema jina la mwalimu litaingia mwisho wa foleni. Kwa jinsi foleni ilivyo, huenda ikawa baada ya miezi saba, minane. Alimwomba asibebe vitu vizito.

Mwalimu alishukuru, akakata simu, akaiweka mapajani.

"Wamempa mtu mwingine," alisema. "Kwa dakika kumi na nne."

Mdogo wake aliutazama ule mlango uliolala mezani, gundi inaanza kushika. Huenda alikuwa anahesabu dakika za gundi, za kabati na za misumari. Kisha alivua aproni.

"Basi nakuja kumchukua Mama leo," alisema.

"Sikatwi tena mpaka mwakani."

"Nimesikia. Nakuja kumchukua leo."

Alikuja saa kumi alasiri, na gari la kuazima la jirani yake, godoro nyuma, mke wake ameketi juu ya godoro na mto. Mbao alikuwa amezitoa stoo zote, zimerundikwa uani chini ya turubai. Fundi cherehani alisimamisha kazi, akasimama mlangoni na futi yake shingoni, asikose kitu.

Mwalimu alimweleza mama habari yote taratibu, ameshika mkono wake ulio hai. Mama alisikiliza. Maneno siku hizi yalimtoka moja moja, kama mtu anayetafuta funguo ndani ya mkoba, na kwa kawaida hakuhangaika kuyatafuta. Alimtazama binti yake, akamtazama mwanawe, akafumba macho akafumbua.

Seremala aliinama. Hakuumanisha meno, wala hakuhesabu moja mbili tatu. Alipitisha mkono mmoja mgongoni na mwingine chini ya magoti, akainuka na mama yake kifuani, mzima mzima, kwa wepesi uliomfanya mwalimu ashike ukuta. Miaka mitatu, safari sita kwa siku. Kumbe ni jambo la pumzi moja.

Mama, akiwa juu kule, mahali ambapo hakuwa amefika tangu augue, alianza kutafuta neno. Nusu ya mdomo ilisogea. Wakangoja wote, mwanawe amesimama naye mikononi, wala hakuonyesha kwamba anangoja.

"Mmechelewa," mama alisema.

"Tumechelewa, Mama," mwanawe alijibu.

Alimtoa nje. Mwalimu aliinama kwa mazoea kuuchukua mfuko wa nguo za mama, na wifi yake akauwahi kabla yake. Ndipo akakaa kwenye kitanda kitupu, mikono juu ya tumbo, akasikia gari likiwaka, likirudi nyuma, likiondoka. Alifumba macho akaanza kuhesabu kama alivyozoea, na alipofika ishirini hapakuwa na mtu wa kwenda kumnyanyua, basi akaendelea kuhesabu.